Duane ya Kasindi: Historia ya Mlango na Waliopita Bure

Tarehe 15 Mei 1979 Rais Mobutu alitia sahihi amri nambari 79-114, na kazi ya kukusanya ushuru wa mipakani, iliyokuwa chini ya kurugenzi moja ya Wizara ya Fedha, ikapewa shirika lake lenyewe: OFIDA. Miaka 30 baadaye, tarehe 3 Desemba 2009, amri nyingine ililigeuza shirika hilo kuwa DGDA, na herufi hizo ndizo zilizo kwenye mihuri na vibao hadi leo. Huku kwetu Butembo na Beni herufi hazikutusumbua sana. Kwetu ni duane tu, na duane ni Kasindi.

Historia za ofisi hii zinazoandikwa Kinshasa huanzia Matadi, bandarini, na kuishia wizarani. Hii inaanzia upande wa pili wa nchi, kwenye mto Lubiriha, ambapo ng'ambo ni Mpondwe ya Uganda na huku ni Kasindi. Kutoka hapo hadi Beni ni kilometa 80, barabara ikikata hifadhi ya Virunga. Kutoka Beni hadi Butembo ni 54 nyingine, za kupanda milima. Kontena lililoshushwa Mombasa hupita Malaba, Kampala na Kasese kabla ya kufika kwenye bariere hiyo. Vitenge, pikipiki, mabati, maziwa ya unga, simu: karibu kila kitu kinachong'aa katika maduka ya Butembo kilisimama hapo kwanza kikisubiri mhuri. Kahawa, kakao, mbao na dhahabu huelekea upande wa pili, na si zote zinazosimama.

Ofisi inapoadhimishwa, wakubwa hupenda kusoma tarakimu za makusanyo. Tarakimu hizo ninawaachia. Ninachokiona kikirudi katika kila kipindi, kuanzia enzi za Leopold hadi jana, ni kwamba duane hii haikushindwa na wachuuzi wanaovuka na mabeseni kichwani. Kila iliposhindwa, ilishindwa na karatasi ya msamaha iliyotiwa sahihi na mkubwa.

Mkutano wa Berlin wa 1885, uliomfungulia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, mlango wa nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, ulimwekea sharti: bidhaa ziingie bonde la Kongo bila ushuru kwa miaka 20. Sharti hilo halikudumu hata miaka sita. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yaliyokuwa yamekutana kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa yalimruhusu kutoza hadi asilimia 10 ya thamani ya bidhaa zinazoingia. Kalenda ina utani wake. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, Rais Benjamin Harrison alitia sahihi Sheria ya Sherman, ya kwanza ya serikali kuu ya Marekani kuyakataza makampuni makubwa kuungana ili kulikamata soko lote. Kule serikali ilikuwa inajaribu kuyafunga makampuni kamba. Huku serikali yenyewe ilikuwa kampuni.

Mwaka uliofuata, Septemba 1891, Leopold alitoa amri ya siri: pembe za ndovu na mpira wa wilaya za Aruwimi-Uele na Ubangi vihifadhiwe kwa ajili ya dola. Mfanyabiashara aliyenunua pembe kwa mwindaji akajikuta, bila kuambiwa, ni mnunuzi wa mali ya wizi. Aliyelipia zaidi ni Charles Stokes, Mwairlandi aliyekuja Afrika Mashariki kufanya kazi ya misheni akaishia kuongoza misafara ya biashara kutoka upande wa Wajerumani. Kapteni Hubert Lothaire aliagiza akamatwe katika msitu wa Ituri, akamhukumu haraka haraka na kumnyonga Januari 1895. Shtaka lilikuwa kuwauzia bunduki maadui wa dola. Pembe zake nazo zilichukuliwa na dola. Lothaire alifikishwa mahakamani Boma, kisha Brussels, na mara zote mbili aliachiliwa. Hakuna ofisa wa duane aliyewahi kutoza ushuru mkali kuliko huo, na aliyetozwa alikuwa mshindani, si mhalifu tu.

Ubelgiji ilipomnyang'anya Leopold koloni lake mwaka 1908, na mpaka na Waingereza ulipokubaliwa 1910, watu wa ukoo mmoja walijikuta Wanande upande huu na Wakonzo upande ule. Makampuni hayakuondoka. Minière des Grands Lacs, ambayo wazee bado wanaiita MGL, ilichimba dhahabu, na Butembo yenyewe ilikua kandokando ya shughuli zake. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, chombo nusu kampuni nusu serikali, kilichopewa mamlaka ya kugawa ardhi katika sehemu kubwa ya Kivu. Mkulima wa Lubero hakuwa na njia ya kujua kama aliyekuja na ramani alikuja kwa niaba ya mfalme au ya wenye hisa. Kwa upande wa duane, urithi mkubwa wa wakati ule ni amri ya 29 Januari 1949 iliyokusanya na kupanga upya sheria za forodha za koloni. Uhuru ulikuja, nchi ikabadilishwa jina mara mbili tatu, sarafu zikafa na kuzaliwa, na amri hiyo ya mkoloni iliendelea kutumika Kasindi hadi sheria mpya ya 2010.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na makampuni ya biashara ya wageni yatapewa Wazaire. Kwa macho ya mbali hiyo ilikuwa serikali ikiyapiga makampuni makubwa kofi. Kwa karibu ilikuwa kuyagawia majina mapya. Mashamba mengi ya kahawa yaliangukia mikononi mwa wakubwa wa chama ambao hawakujua mkahawa unapogolewa lini, na kufikia 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenyewe. Mnande aliyekuwa akisafirisha maharagwe, viazi na kabichi kwenda Kisangani hakuambulia sana katika mgao ule. Alichopata ni nafasi iliyoachwa wazi: maduka ya Wagiriki na Wahindi yalipofungwa, mtu alihitajika wa kuleta chumvi na nguo, naye alikuwa na lori.

Kisha ikaja kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil na bei ikapaa duniani kote. Serikali ya Zaire ilinunua kwa bei yake na kwa zaire zilizokuwa zikiyeyuka mfukoni. Ng'ambo ya Lubiriha kulikuwa na mnunuzi wa bei nyingine. Arabika ya milima ya Lubero na robusta ya Beni zikaanza kuvuka usiku. Magendo yale hayakuwa tabia ya kabila, kama maofisa walivyopenda kusema. Yalikuwa hesabu ambayo mkulima yeyote angeweza kuifanya kwa vidole.

Hesabu hiyo iliandikwa vizuri na mtoto wa huku. Mwaka 1982 Vwakyanakazi Mukohya alikamilisha tasnifu yake kuhusu wafanyabiashara Waafrika wa Butembo kati ya 1960 na 1980, na baadaye aliandika sura juu ya biashara ya mipakani ya Kivu Kaskazini katika kitabu alichokihariri Janet MacGaffey mwaka 1991. Tasnifu aliiandikia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Hapo panastahili kusimama kidogo. Wisconsin ni jimbo la Robert La Follette, aliyeingia ugavana 1901 akitaka reli na makampuni makubwa yalipe kodi kama wengine, na ambaye jimbo lake liliunda tume ya kusimamia reli mwaka 1905, huku maprofesa wa chuo hicho wakisaidia kuandika sheria. Kijana wa Butembo alikwenda kueleza biashara isiyo na sheria mahali ambapo vita vya kuiwekea biashara sheria vilipiganwa. Sidhani alipanga hivyo. Lakini ndiyo sababu ninaona si ajabu kuisoma duane yetu pamoja na mambo ya Marekani ya miaka ile.

OFIDA ilizaliwa katika msimu wa mageuzi ya kulazimishwa. Zaire ilikuwa imeshindwa kulipa madeni, na wakopeshaji walidai watu wao wakae kwenye vyombo vya fedha. Mwaka 1978 Erwin Blumenthal, Mjerumani, alipelekwa Benki ya Zaire. Mwishoni mwa mwaka huo aliyafungia mikopo na fedha za kigeni makampuni 50 yaliyokuwa ya wakubwa wa utawala, wakiwemo jamaa wa rais. Kwa muda mfupi serikali ya Zaire ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya: kumwambia mkubwa hapana. Blumenthal aliondoka upesi, na ripoti aliyoiandika 1982 ilisema wazi kwamba wakopeshaji wasitegemee kuona fedha zao. Shirika jipya la duane lilibaki na jina zuri na sheria ya 1949.

Ili kuelewa yaliyofuata inabidi kushika kalamu. Tuchukue viwango vya leo. Bidhaa ya dola 100 inayotozwa ushuru wa asilimia 20 inalipa 20 za ushuru. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza Januari 2012, haihesabiwi juu ya 100 bali juu ya 120, kwa hiyo inaongeza 19.20. Jumla 39.20, na hapo hatujafika kwenye malipo ya ukaguzi na ya ofisi nyingine. Sasa deklaranti, wakala wa forodha, akiandika kwamba bidhaa ile ni ya dola 40, jumla inashuka hadi 15.68. Tofauti ya 23.52 ndiyo inayojadiliwa kwenye meza kule Kasindi, na siku zote ndiyo imekuwa ikijadiliwa. Mambo mengine yote, salamu, soda, simu kwa mkubwa fulani, ni mapambo.

Ongeza kontena. Wafanyabiashara wa Butembo walipoanza kwenda Dubai, Bangkok, Jakarta na baadaye Guangzhou, wengi hawakuweza kujaza kontena peke yao. Waliungana kumi, ishirini, kila mmoja na mabunda yake. Ofisa anayefungua kontena kama hilo anakuta vitenge, ndala, vipodozi na vipuri vya pikipiki vya watu ishirini wenye risiti za Kichina. Kuvithamini kimoja kimoja ni kazi ya siku nyingi na mzigo unaoza kwa jua. Basi ikaota mila ya kukubaliana bei moja kwa kontena zima, iwe ndani kuna nini.

Mila hiyo ilisifiwa na kila mtu, na ninaelewa kwa nini: iliondoa foleni. Lakini ina upendeleo uliojificha. Tuseme bei iliyokubaliwa ni dola 6,000. Mwenye kontena la vitenge vya dola 60,000 amelipa asilimia 10. Mwenye kontena la ndala za plastiki za dola 15,000 amelipa asilimia 40. Hakuna sheria iliyovunjwa mbele ya macho, wote wamelipa sawa, na mkubwa ametoka na punguzo ambalo mdogo hajui kama lipo.

Punguzo la siri ndilo lililomjenga Rockefeller, tajiri wa mafuta wa Marekani. Mwaka 1872 yeye na wenzake walijiunga na mpango ulioitwa South Improvement Company: reli zingemrudishia sehemu ya nauli ya mafuta yake, na juu ya hapo zingemlipa kitu kwa kila pipa la mshindani wake lililosafirishwa. Mpango ule ulizimwa na kelele za wachimbaji kabla haujaanza kazi, lakini mapunguzo yaliendelea kwa njia nyingine. Sheria ya 1887 ilidai nauli za reli zitangazwe hadharani. Ida Tarbell alifichua mchezo mzima katika jarida la McClure's kati ya 1902 na 1904. Sheria ya Elkins ya 1903 ikakataza mapunguzo ya siri kabisa, na mwaka 1907 jaji Landis alilitoza tawi moja la Standard Oil, kampuni ya Rockefeller, faini ya dola 29,240,000, ambayo mahakama ya rufani iliifuta mwaka uliofuata. Hatimaye Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja Standard Oil vipande 34, tarehe 15 Mei 1911. Naam, 15 Mei, siku ileile ambayo OFIDA ingezaliwa miaka 68 baadaye.

Ninaona wasomaji wengi wanaojua habari hiyo hukumbuka kuvunjwa kwa kampuni tu. Kwangu zito zaidi ni lile dai la 1887: bei ibandikwe ukutani. Kasindi ilikosa hilo.

Vita vya Agosti 1998 vilipoanza, jeshi la Uganda na waasi wa RCD walishika Beni na Butembo. RCD ikapasuka 1999, na kundi lililobaki kwetu, RCD-ML, likawa chini ya Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia aliyefundisha miaka mingi Dar es Salaam, kisha chini ya Mbusa Nyamwisi, mzaliwa wa huku, makao yakiwa Beni. Duane haikufungwa. Maofisa wengi waliendelea na kazi, wakitumia sheria ileile ya 1949, ila fedha sasa ziliishia Beni badala ya Kinshasa.

Katika kipindi hicho karatasi ya msamaha ilifika kileleni. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza habari za Trinity Investment, jina lililoibuka mwishoni mwa 1999 na kupewa na utawala wa RCD-ML msamaha wa kodi kwa shughuli zake zote. Wafanyabiashara kadhaa walipitisha bidhaa chini ya jina hilo, dhahabu, kahawa na mbao zikitoka, bidhaa nyingine zikiingia, bila kulipa kitu. Serikali ya Uganda iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji David Porter, nayo katika ripoti yake ya 2002 iliona pia kwamba Trinity ilikuwa kivuli cha kukwepea ushuru. Mtu akiuliza kampuni kubwa kuliko zote iliyopita Kasindi, jibu linaweza kuwa kampuni isiyokuwa na ofisi.

Waliobaki nje ya karatasi hiyo walitafuta njia yao. Utawala ulihitaji fedha haraka, za askari na mafuta ya magari. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikuwa nazo. Wakatanguliza. Mfanyabiashara aliwapa wakubwa dola leo, na mizigo yake ilipofika Kasindi kesho, ushuru ulikatwa kwenye deni. Mali bila daftari hupotea bila habari, nao daftari walikuwa nalo, pengine safi kuliko la serikali. Kupitia FEC, chama cha wenye makampuni ambacho siku za Mobutu kiliitwa ANEZA, walikaa mezani na watawala na kujadili viwango vya kontena kama bunge linavyojadili bajeti. Timothy Raeymaekers, Mbelgiji aliyechunguza mambo haya kwa miaka, alitoa kitabu mwaka 2014 akionyesha jinsi nguvu ilivyohamia kwenye meza hiyo.

Mgala muue na haki yake mpe. Wafanyabiashara hao walidai kitu badala ya fedha zao. Barabara zilitengenezwa kwa michango yao, na uwanja wa ndege wa Rughenda ukajengwa. Hawakuanza na vita. Mji huu ulikuwa umezoea kujifanyia mambo tangu siku za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, akihimiza watu kushika majembe kutengeneza barabara, na ambaye chini yake Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilifunguliwa 1989. Watu wa Butembo walilipa kwa hiari pale walipoona sarafu yao imekuwa daraja. Ushuru uliopanda ndege kwenda Kinshasa hawakuwahi kuuona ukirudi.

Hata hivyo ninakataa hadithi ya kwamba wafanyabiashara walijiongoza vema kuliko serikali yoyote, hadithi ambayo wageni huipenda mno. Mezani walikaa wenye makontena. Mama anayevuka Lubiriha na nyanya au dagaa hakuitwa. Yeye hakuwa na deni la kukatiwa, alilipa taslimu, kila siku, kwa kila mwenye kofia. Waliotunga bei ndio waliozilipa kidogo zaidi, na hilo Rockefeller angelielewa bila mkalimani.

Amri ya 28 Machi 2002, nambari 036, ina kichekesho chake. Kinshasa ilitangaza kwamba mipakani zifanye kazi ofisi nne tu: duane, OCC ya ukaguzi wa bidhaa, DGM ya uhamiaji, na afya ya mipakani. Siku ilipotiwa sahihi, Kasindi haikuwa mikononi mwa Kinshasa, na wajumbe wa mazungumzo ya amani walikuwa bado wanazozana Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilipounganishwa katikati ya 2003, amri ile ilisafiri polepole sana kuja mashariki. Ofisi zaidi ya hizo nne zimeendelea kupatikana kwenye bariere, kila moja na kitabu chake cha risiti.

Baraza la Usalama nalo liligundua kwamba silaha hufuata njia ya kontena. Azimio 1596 la 18 Aprili 2005 lilizitaka serikali za ukanda huu kuimarisha ukaguzi wa duane kwenye mipaka ya Ituri na Kivu. Hapo kazi ya ofisa wa Kasindi, ambayo hadi jana ilikuwa kukisia bei ya vitenge, ikawa jambo la amani ya dunia. Mageuzi yenyewe yalikuja baada ya miaka minne na zaidi: DGDA mwaka 2009, kisha tarehe 20 Agosti 2010 sheria mpya ya forodha iliyozika amri ya 1949. Kompyuta zenye programu ya Sydonia zilichukua nafasi ya madaftari, malipo yakaanza kupitia benki, na ofisa hakupaswa tena kushika noti. Ni hatua ya kweli. Programu haijui mtu, lakini inapokea thamani inayoandikwa na mtu, na ile 23.52 haikuhama mahali pake.

Kesi ya wakati wa vita ilichukua muda mrefu zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona mwaka 2005 kwamba Uganda iliwajibika, na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325, ambazo milioni 60 ni za maliasili zilizoporwa. Hakuna aliyehesabu ushuru wa Kasindi ambao haukulipwa na Trinity. Miezi michache tu hapo kabla, Juni 2021, marais Museveni na Tshisekedi walikuwa wamekutana hapo hapo Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilometa 223 ndani ya Kongo, zikiwemo Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Mdaiwa ndiye mjenzi. Ukiwa mtu wa huku hushangai tena.

Miaka hiyo duane ilifanya kazi katika hali ambayo kitabu cha forodha hakiitaji. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imezika watu waliouawa na waasi wa ADF, na kwenye barabara ya Kasindi magari yamechomwa mara nyingi. Ebola iliyotangazwa 1 Agosti 2018 ilidumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287, Beni na Butembo zikiwa katikati yake. Kwenye bariere, kabla ya mzigo kupimwa, mtu alipimwa joto. Hali ya dharura ilianza Mei 2021. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi. Mizigo haikuacha kupita. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na serikali ya mkoa kuhamia Beni, Kasindi ikawa lango ambalo serikali ililitegemea kuliko wakati wowote.

Hapo deni la zamani linadai kulipwa. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema mkoa ubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani yake, zikatwe pale pale zinapokusanywa. Mikoa imelalamika tangu mwanzo kwamba makato hayo hayafanyiki. Fedha hupanda Kinshasa, kisha hurudi chache na kwa kuchelewa. Barabara za Butembo za wakati wa vita zilitengenezwa na watu waliokuwa wamejikatia wenyewe, bila katiba. Sasa katiba ipo na mkato haupo. Sheria ya Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, ambayo ndiyo Sherman yetu iliyochelewa miaka 128, inakataza wenye makampuni kupatana bei kwa siri na wakubwa kuutumia vibaya ukubwa wao sokoni. Mkubwa anayepatana bei na serikali ni swali jingine.

Julai 2022 Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru wa Kongo una viwango vya 5, 10 na 20. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una 0, 10, 25 na, tangu mwezi huohuo, 35 kwa bidhaa zilizokamilika ambazo ukanda unaweza kujitengenezea, nguo zikiwemo. Mfanyabiashara wa Butembo anayenunua Guangzhou anaweza kujihesabia mwenyewe maana ya kutoka 20 kwenda 35, na TVA juu yake. Maombi ya kutengwa yatakuwa mengi, na wakubwa ndio watakaoyaandika kwanza. Lakini katika Jumuiya msamaha wa ushuru una desturi nyingine: huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya, ukitaja nchi, bidhaa, kiwango, na mara nyingi jina la kampuni iliyopewa. Trinity isingeweza kuishi kwenye ukurasa kama huo. Iwapo DGDA italeta desturi hiyo Kasindi pamoja na viwango vyake, muuza ndala wa Butembo ataweza kusoma, kwa mara ya kwanza, mwenzake amelipa ngapi.